Laptopu ya mtumba kwa ajili ya Linux: ipime kabla hujatoa hela

Kazi inaanzia nyumbani. Pakua Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, faili la karibu GB 3, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher. Flashi hiyo ndiyo mizani yako. Muuzaji akikataa uichomeke, nenda duka la pili.

1. Soma namba ya prosesa (chipu kuu) ya Intel. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025, hivyo vizazi vya 6 na 7 ndivyo vya bei ya chini. Linux haina ugomvi navyo. Ila i5-8350U ina viini (sehemu za kuchakata) 4, na 6300U ina 2. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ongeza.

2. Uliza RAM (kumbukumbu ya muda) imekaaje. ThinkPad T480 ya Lenovo ina nafasi mbili, unaongeza mwenyewe kwa bisibisi. X280 imechomelewa yote kwenye bodi: ukinunua ya GB 8, utazeeka nayo. Angalia na aina ya RAM pia. T460 inakula DDR3L, T470 inakula DDR4, na haziingiliani. GB 8 inatosha kwa kivinjari na kazi za ofisi.

3. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka. Kitufe cha kubonyeza inapowaka: ThinkPad ni F1, Dell F2, HP F10. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, achana nayo. Kwenye ThinkPad nywila ya msimamizi haifutiki kwa kuchomoa kile kibetri cha CMOS kwenye bodi, hata fundi akikuapia.

4. Washa kwa flashi. F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Mint ikifunguka, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Ukiona `iwlwifi`, kadi ya Wi-Fi ni ya Intel na imeshatambuliwa. Kadi nyingi za Broadcom zinataka dreva (programu ya kuendesha kadi) ya kupakua, na huna intaneti ya kuipakulia. Hapo unaunganisha simu kwa waya wa USB kwanza.

Baadhi ya Dell zenye SSD ya NVMe (aina ya diski ya kasi) hazionyeshi diski kabisa. Watu hudhani SSD imekufa. Mara nyingi BIOS, upande wa namna ya kusoma diski, imewekwa "RAID On". Ibadili iwe AHCI. Windows iliyomo huenda ikagoma kuwaka baada ya hapo, lakini si unaifuta?

Cheza sauti, jaribu kamera, bonyeza kila herufi ya kibodi. Funga kifuniko dakika moja, kisha fungua uone kama inaamka. T480 ichaji kupitia matundu yote mawili ya USB-C, moja moja: kuna zilizokufa tundu la Thunderbolt, moja ya hayo mawili, kwa sababu ya firmware (programu ya ndani ya kifaa) ya zamani.

5. Betri. Andika `upower -d`. Linganisha `energy-full` (uwezo wa sasa ikijaa) na `energy-full-design` (uwezo wa kiwandani). Betri ya ndani ya T480 ilitoka kiwandani na takriban Wh 24 (kipimo cha umeme inaobeba). Ikisoma 11, imebaki chini ya nusu, hata kama skrini inaandika 100%. T480 nyingi zina betri mbili, BAT0 na BAT1, kwa hiyo soma zote. Iliyochoka si sababu ya kuiacha mashine nzuri, ni sababu ya kukata bei: ulizia kwanza betri mpya inauzwaje duka la jirani, ndipo urudi kutaja yako.