Kumlipia mtoto leseni ya urubani: hesabu kutoka daftari langu

Mimi si rubani. Ni mhasibu wa sacco ya wafugaji wa maziwa huku Nyandarua, na kwa miaka miwili na nusu niliandika daftarini kila shilingi iliyotoka nyumbani kumsomesha binti yangu urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Wazazi wenzangu hunipigia simu wakiuliza, "Jumla ni ngapi?" Nami huwaambia waanze na bei ya saa moja ya kuruka.

Lakini hata kabla ya bei, mpeleke mtoto kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, apimwe afya daraja la kwanza. Fanya hivyo kabla hujalipa hata fomu. Nimekutana na baba aliyekwisha kulipa karo ndipo akaambiwa mwanawe hatofautishi rangi vizuri. Niliumia kana kwamba ni wangu.

Sasa saa. Leseni ya kibiashara, CPL, kwa kiwango cha kimataifa hudai saa 200 za kuruka, au 150 kwa anayesoma kozi iliyoidhinishwa. Uliza shule inafuata kipi, na uandikiwe. Uliza bei ya Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, akiwa na mwalimu, bei akiwa peke yake, na kama VAT ya asilimia 16 imo ndani. Sisi tulikubaliana dola 200 kwa saa akiwa na mwalimu, kila kitu ndani.

Hiyo dola ndiyo iliyonitoa jasho. Binti alipoanza Februari 2022 ilikuwa karibu shilingi 113, kwa hiyo saa moja ilikuwa 22,600. Januari 2024 dola ikagonga 160 hivi, na saa ile ile ikawa 32,000. Alikuwa amebakiza saa 40, basi nikaongeza 376,000 kwa masomo yale yale. Fungua akaunti ya dola mapema, na kila ukiuza ng'ombe au kupokea gawio, badilisha siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, kilichotugharimu kwa uchungu zaidi ni kusimama njiani. Mwishoni mwa 2022 fedha zilikauka, akakaa nyumbani miezi minne. Aliporudi, mwalimu hakumwachia ndege mpaka arudie kutua na taratibu za dharura. Mwalimu alikuwa na haki kabisa. Zikaenda saa 7, yaani dola 1,400, ili afike pale alipokuwa ameachia. Kwa hiyo usimwanzishe kabla ya kuwa na fedha za kumfikisha leseni ya kwanza, PPL (ya rubani binafsi), bila kukatiza, akiruka angalau mara tatu kwa wiki. Ikibidi apumzike, apumzike akiwa na leseni hiyo mkononi, nawe ukusanye za CPL.

Na usilipe kozi nzima kwa mkupuo, hata ukiahidiwa punguzo. Nililipa hivyo shule ya kwanza. Ilikuwa na ndege mbili tu, moja ikasimama kusubiri injini, na mwanangu akakaa wiki 11 huku pesa yangu iko kwao. Siku hizi mzazi akiniuliza, namwambia aulize maswali mawili: ndege zinazoruka leo ni ngapi, na injini ya kila moja imebakiza saa ngapi? Injini nyingi za aina hiyo hufunguliwa kwa ukarabati mkubwa baada ya kama saa 2,000. Lipa saa kumi kumi.

Kuna pia mita inayohesabu saa unazolipia. Kwenye shule yetu ilianza kuhesabu injini ikiwashwa, hata ndege ikiwa chini. Asubuhi Wilson ndege za watalii wa Maasai Mara zinapanga foleni, na binti alipima dakika 18 za kusubiri zamu, ambazo ni dola 60 kabla gurudumu halijaacha lami. Akahamia saa nne. Mwezi wa Julai saa hiyo ilimfaa zaidi, maana asubuhi za Nairobi wakati huo mawingu hulala chini na mazoezi huahirishwa. Kila jioni alilinganisha mita na daftari lake la safari, na mara mbili alikuta shule imezidisha.

Vidogo vidogo navyo viwekee mfuko wake: mitihani ya KCAA inayolipiwa upya ukianguka, hedseti, ada za kutua kwenye safari ndefu (yeye alikwenda Kisumu na Eldoret), mtahini wa mwisho pamoja na ndege ya mtihani, na nyumba. Alipanga chumba Lang'ata ili asipoteze zamu kwa foleni ya matatu.

Usidhani CPL ndiyo mwisho wa malipo. Waajiri aliowaendea walitaka kibali cha kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje, na cha ndege ya injini mbili, na saa ya ndege ya injini mbili kwetu ilizidi mara mbili ya ile ya Cessna. Yaweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na mwaka mmoja wa kutafuta kazi, kwa sababu cheti cha afya hupimwa upya kila miezi 12 hata kama hana mshahara. Tulimwachia laki tatu za kazi hiyo. Zimebaki laki moja na elfu arobaini, na cheti chake kinaisha Septemba.