Namna ya kupata picha safi ya televisheni ndani ya karavani nchini Uingereza

Anayevuta karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, kutoka London hadi Cornwall hupita katika maeneo ya minara kadhaa ya matangazo, na chaneli zilizohifadhiwa kwenye televisheni asubuhi huwa hazipatikani tena jioni. Nyumbani antena huelekezwa mara moja na kuachwa; katika karavani kazi hiyo huanza upya kila unapoegesha. Picha inapoganda au kukatika, wengi hukimbilia dukani kununua kikuza mawimbi, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye antena yenyewe: imetazama kusiko, iko chini mno, au vijiti vyake vimelala mahali vinapopaswa kusimama. Mambo hayo matatu yarekebishwe kabla ya kutoa hata senti moja.

Anza na mnara. Tovuti ya Freeview, huduma ya matangazo ya bure ya ardhini, ina ukurasa ambao ukiingiza msimbo wa posta wa kambi unayokwenda utakuonyesha hali ya matangazo ya eneo hilo. Minara mikubwa, kama vile Crystal Palace wa London, Sutton Coldfield unaohudumia Birmingham na Caradon Hill wa Cornwall, hurusha mawimbi ya ulalo, hivyo vijiti vya antena navyo vilale sambamba na ardhi. Minara midogo, iliyojengwa ili kufikia mabonde ambayo milima imeyakinga, kwa kawaida hurusha mawimbi ya wima, na hapo antena igeuzwe ubavu ili vijiti visimame. Ukikosea jambo hili unapoteza sehemu kubwa sana ya mawimbi hata kama umeielekeza antena penyewe. Mnara wa Rowridge katika kisiwa cha Wight unarusha kwa namna zote mbili, kwa hiyo aliyepiga kambi katika pwani hiyo ya kusini ajaribu zote mbili kabla ya kukata tamaa. Jambo jingine la kujua ni kwamba minara midogo mingi hubeba makundi matatu tu ya chaneli badala ya sita. Ukikosa baadhi ya chaneli ulizozizoea huku BBC na ITV zikionekana vizuri, usihangaike kutafuta hitilafu ambayo haipo.

Usipokuwa na intaneti, tazama mapaa ya nyumba za jirani. Antena zake zilifungwa na mafundi wanaolijua eneo, nazo zitakuambia upande wa kuelekea na kama vijiti vilale au visimame. Sijaona njia ya haraka kuliko hiyo.

Antena ifungwe nje, juu ya mlingoti, kwa kuwa kuta za karavani nyingi zina mabati ya alumini yanayozuia mawimbi, na antena ndogo ya kuweka mezani mara nyingi haifai kitu humo. Kwa msafiri, antena ya mwelekeo mmoja inayopokea masafa yote ya televisheni ni bora kuliko ile ya duara inayopokea kutoka pande zote, ingawa hii ya pili haihitaji kugeuzwa. Ile ya kwanza hukusanya mawimbi mengi zaidi kutoka upande unaoutaka na kupunguza yale ya minara mingine. Unapoinua mlingoti, hakikisha hakuna nyaya za umeme juu yako. Kisha fungua kwenye televisheni ukurasa unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, na uigeuze antena polepole sana, ukisimama sekunde chache kila baada ya kuisogeza, kwa sababu kipokezi cha dijitali huchelewa kuonyesha mabadiliko. Kinachopaswa kukuongoza ni ubora kuliko nguvu. Katika matangazo ya dijitali hakuna chenga za kukuonya kwamba mawimbi yanafifia: picha hubaki safi hadi kiwango fulani, kisha huvunjika ghafla, kwa hiyo usiridhike na ubora unaotosha kidogo tu, maana mvua na majani mabichi ya miti vitauondoa. Wakati mwingine kuuhamisha mlingoti kwa mita moja kunatosha. Ukimaliza, ndipo utafute chaneli upya.

Waya nao una uzito wake. Tumia waya wa antena wa omu 75 wenye kinga mbili, ya karatasi ya metali na ya nyuzi zilizosukwa, na uondoe viungio vilivyoshika kutu. Ikiwa baada ya yote hayo mawimbi bado ni dhaifu, kikuza mawimbi kinafaa, lakini kikae karibu na antena, kwa kuwa kikiwa karibu na televisheni kinakuza pia kelele zilizokwisha kuingia njiani. Ukiwa karibu na mnara mkubwa kizime, maana mawimbi yaliyozidi huivuruga picha sawasawa na yaliyopungua. Siku hizi televisheni ya Uingereza inatumia masafa ya megahezi 470 hadi 694 tu, na yaliyo juu ya hapo ni ya simu. Kikuza cha zamani huyapokea yote, hivyo mawimbi ya simu huweza kuivuruga picha, na kichujio kidogo hutatua tatizo hilo.

Mahali ambapo mnara haufiki, dishi ni jawabu. Setilaiti zinazobeba Freesat, huduma ya matangazo ya bure ya setilaiti, ziko nyuzi 28.2 mashariki, na ukiwa London utazikuta upande wa kusini mashariki, takriban nyuzi 145 za dira na nyuzi 25 juu ya upeo. Chagua basi mahali pa kuegesha pasipo na miti upande huo, na usome dira mbali na chuma cha gari. Dishi la sentimita 60 linatosha katika sehemu kubwa ya Uingereza, lakini kaskazini mwa Uskoti linahitajika kubwa zaidi.

Televisheni inayotumia betri iwe imetengenezwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi zaidi ya 14. Picha ikivunjika usiku tu, huenda kifaa cha umeme kinaingilia mawimbi: zima taa za LED na chaja moja baada ya nyingine hadi umpate mkorofi. Kuhusu leseni ya televisheni, ambayo Mwingereza huilipia ili aruhusiwe kutazama, ile ya nyumbani inatosha kwa karavani ya kusafiria. Kwa karavani iliyowekwa mahali pamoja, inatosha mradi televisheni isitumike nyumbani na huko kwa wakati mmoja.