Kitufe cha Fn na Herufi Zinazogeuka Namba
Kitufe cha Fn, ambacho katika laptopu nyingi hukaa chini kushoto, jirani na Ctrl, hakifanyi kazi peke yake: kishikilie, kisha ubonyeze kitufe chenye alama ya jua ili kubadilisha mwanga wa skrini, au chenye alama ya spika kwa ajili ya sauti. Baadhi ya laptopu hazihitaji Fn kwa kazi hizo.

Kinachowasumbua watu zaidi ni Num Lock, yaani hali inayofanya baadhi ya vitufe vya herufi viandike namba. Katika laptopu ndogo za zamani, zisizo na safu ya namba upande wa kulia, ukiandika “jambo” ikatokea “1a0b6”, usikimbilie kwa fundi (wengine hukutoza hata kwa hili). Shikilia Fn, bonyeza kitufe kilichoandikwa NumLk, na herufi zitarudi.