Namna ya Kuchagua Khanga Dukani Bila Kulemewa na Wingi Wake

Mtu anayeingia katika duka la khanga la Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au la Mtaa wa Biashara, Mombasa, hukutana na ukuta mzima wa doti zilizopangwa tangu sakafuni hadi darini. Kabla hajasema anachotaka, muuzaji huwa amekwisha kuteremsha tano na kuzikunjua juu ya kaunta huku akisema, “Dada, mzigo mpya huu, umeshuka jana.” Baada ya nusu saa kaunta imejaa, macho yamechoka, na mnunuzi ama huondoka mikono mitupu ama hubeba ile iliyokuwa juu ya rundo.

Ni rahisi kuulaumu wingi wenyewe. Mwaka 2000 watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio walilolifanya katika duka la vyakula huko California: meza yenye aina 24 za jamu ilivuta watu wengi kuliko yenye aina 6, lakini miongoni mwa waliosimama kwenye aina 6 asilimia 30 walinunua, ilhali kwenye aina 24 walionunua walikuwa asilimia 3 tu. Majaribio yaliyofuata hayakutoa matokeo hayo kila mara, na mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba wingi humlemea zaidi yule asiyejua anachokipenda. Wauzaji wa khanga hulishuhudia jambo hilo kila siku, kwani mama aliyekuja kutafuta kisutu cha harusi haoni doti mia mbili. Anaona tatu au nne, na zilizobaki kwake ni ukuta tu.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kuchagua ifanyike nyumbani. Amua khanga ni ya nani, ni ya shughuli gani, na hutazidisha shilingi ngapi, kisha uyaandike hayo kwenye karatasi au kwenye simu, maana yaliyo kichwani hupeperuka mara tu rangi zinapoanza kukunjuliwa. Khanga ya mzazi aliyejifungua yatakiwa kuwa laini na yenye kunyonya maji, kwa sababu mtoto atafunikwa na kufutwa kwayo. Ya kujitanda msibani haitakiwi kupiga kelele za rangi. Ya kushindia nyumbani itafuliwa mara nyingi, hivyo isichuje. Ukifika dukani, mweleze muuzaji maneno hayohayo kabla hajainua mkono, na umwombe akuteremshie sita tu. Wengi hufurahi, kwa kuwa wao ndio watakaozikunja tena.

Katika hizo sita, anza na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Wanunuzi wengi huanza na rangi, nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimnunulia mama mkwe doti ya zambarau iliyonipendeza mno, ikiwa imekunjwa na jina likiwa ndani. Alipoifungua mbele ya wageni, tulisoma sote kwa pamoja: “Hasidi hana sababu.” Hakusema neno. Aliikunja taratibu, akaiweka kando, na mimi nikakaa miezi kadhaa nikieleza kwamba sikumaanisha kitu. Rangi isiyopendwa huvaliwa jikoni, lakini jina halifutiki, na khanga kwetu husomwa kama barua. Kwa mama au mkwe, “Nani kama mama” haina hatari. Kwa jirani aliyekusaidia, “Wema hauozi” yatosha. Lenye kijembe lirudi kwenye rafu hata kama ua lake ni zuri namna gani.

Zitakazobaki, huenda tatu, zipimwe kitambaa. Inua moja mbele ya mwanga wa mlangoni uone kama nyuzi zimebanana. Sugua pembe yake kwa vidole, na ikitoa unga mweupe ujue uzito ulioupenda ni wa wanga, nao utaondoka kwenye ndoo ya kwanza. Bonyeza kitambaa cha mkono chenye maji kidogo kwenye rangi iliyokolea uone kama itachuja. Ukiwa na shaka kama ni pamba au poliesta, omba uzi mmoja wa ukingoni ukauchome nje: pamba huungua kama karatasi na kubaki jivu jepesi, na poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Hakikisha pia kwamba vipande vyote viwili vya doti vimechapwa sawa, maana mara nyingine pindo hukatwa upande mmoja.

Zikibaki mbili au tatu zilizofaulu, usizitandaze zote. Shika mbili, chagua moja, na iliyoshindwa irudi kwenye rafu papo hapo, isikae kaunta ikikuangalia. Kisha ishindanishe iliyobaki na inayofuata. Hapo rangi ina haki yake yote, wala huhitaji kujitetea kwa nini umependa kijani.

Halafu lipa. Mchumi Herbert Simon, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu hawezi kupima kila kilichopo, hivyo hutafuta kinachotosha, akikipata husimama. Duka la pili litembelewe tu endapo la kwanza halikuwa na hata moja iliyopita vipimo vyako, na ukishalipa usiulize bei ya duka la jirani, kwani jibu lolote litakalotolewa halina faida kwako. Ikiwa khanga ni yako mwenyewe, ichane katikati siku hiyohiyo na uipeleke kwa fundi ikapindwe. Doti iliyokwisha kuchanwa hairudishwi dukani.