Neno la baba si chanzo: namna ya kuanza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili

Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, chini ya lile bomba refu la moshi ambalo kila mgeni wa Lubumbashi hulipiga picha. Nilikua nikisikia habari zake jioni, mama akisonga bukari: mwaka fulani waliongeza tanuri, mwaka fulani watu waligoma, zamani kile kilima cheusi cha masalio mtoto angeweza kukipanda kwa pumzi moja. Basi siku nilipogundua kwamba kuna Wikipedia ya Kiswahili, tena mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika, nilifungua makala ya Lubumbashi kwa simu, nikabonyeza Hariri, nikamwaga yote. Aya nne. Kesho yake asubuhi hazikuwapo.

Niliumia sana. Nilidhani kuna mtu huko Dar es Salaam au Nairobi asiyetutaka Wakongo. Nilipofungua sehemu ya Historia, juu ya makala, nikakuta mhariri aliyeziondoa ameandika sababu yake kwa maneno mawili: hakuna chanzo. Nilianzia hapo kujifunza. Nafundisha jiografia sekondari, komini ya Katuba hapa Lubumbashi, na haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wanafunzi wangu wanaotaka kuanza.

Kanuni ya chanzo ndiyo ngumu kwetu kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo. Wikipedia haikuulizi kama unajua. Inakuuliza msomaji atahakiki wapi. Baba yuko hai, akili zake timamu, na naamini kila alichonisimulia, lakini msomaji wa Mombasa hawezi kuja Katuba kumwuliza. Anachoweza ni kutafuta kitabu, gazeti au taarifa ya taasisi inayojulikana, akakuta jambo lile limeandikwa na mtu asiyefaidika nalo. Ukurasa wa Facebook haufai. Tangazo la kampuni inayojisifu halifai. Kumbukumbu zako mwenyewe, hata zikiwa za kweli tupu, hazifai.

Kinachotusaidia sisi wa Kongo ni kwamba chanzo hakilazimiki kuwa cha Kiswahili. Vitabu vingi kuhusu mji wetu viko kwa Kifaransa, na vinakubalika. Unaandika sentensi kwa Kiswahili, unataja mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Namba ya ukurasa usiiache, maana bila hiyo unamwambia mwenzako asome kurasa 300 kutafuta mstari mmoja. Kwenye simu fanya hivi: mwisho wa sentensi, baada ya nukta, andika <ref>, weka chanzo chako, funga kwa </ref>. Ukitumia njia ya kuhariri inayoonyesha makala kama itakavyosomeka, kuna kitufe cha kunukuu kinachokufanyia kazi hiyo. Na usichanganyikiwe na maneno: “Hariri chanzo” pale juu maana yake ni kuhariri maandishi ghafi yenye alama zake, haihusu vitabu.

Sifa nazo zilinisumbua. Mimi ni mtu wa Mazembe toka utoto, na niliwahi kuandika kwamba ni timu kubwa kuliko zote Afrika. Shabiki wa Lupopo, wapinzani wetu wa mji huu huu, akiifuta sentensi hiyo ana haki kamili. Sasa naandika hivi: TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939, ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa na Inter Milan 3-0. Hata mtu wa Lupopo hana pa kukata hapo. Na zile 3-0 lazima zikae. Ukiziondoa kwa mapenzi, umeharibu makala.

Kwenye siasa ni hivyo hivyo, ila moto ni mkali zaidi. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo la mji wetu wakati huo, alilitangaza kuwa nchi inayojitegemea, na jambo hilo lilimalizika Januari 1963. Katika ukoo wetu nina wajomba wawili ambao hawawezi kulizungumza hilo kwenye meza moja. Kwenye makala usiandike shujaa, usiandike msaliti. Andika nani alimwita hivyo, wapi na lini, kisha weka chanzo. Na kama damu inakuchemka, funga simu, rudi kesho.

Kabla ya yote hayo fungua akaunti. Ni bure. Akaunti moja ni ya mtu mmoja. Darasa zima halitumii jina moja, na jina lisiwe la kampuni wala la kanisa. Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wa simu: kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Mmoja akiharibu kurasa na anwani ile ikazuiwa, unaweza kukuta na wewe umezuiwa kabla hujaandika neno. Usitukane mtu. Ingia kwa akaunti yako, andika ombi kwenye ukurasa wako wa majadiliano, eleza kwamba mtandao wako unatumiwa na wengi. Wakabidhi, yaani wahariri waliokabidhiwa uwezo wa kufuta na kuzuia, wanalifahamu tatizo hilo.

Ukishaingia, fanya mazoezi kwenye ukurasa wako wa majaribio, sio kwenye makala inayosomwa na watu. Angalia hakikisho, yaani makala itakavyoonekana, kabla ya kuhifadhi. Halafu jaza kisanduku cha muhtasari kila mara, hata kwa maneno matatu: “nimesahihisha mwaka”, “nimeongeza chanzo”. Nyumba za watu huingii bila kubisha hodi, na ule muhtasari ndio hodi yako. Mhariri asiyeandika kitu pale, wengine humtazama kwa mashaka, na mimi mwenyewe siku hizi namtazama hivyo.

Sasa nieleze kisa cha bukari, kwa sababu ndicho kilichonifundisha adabu. Niliandika kwenye makala moja kwamba chakula kikuu cha huku ni bukari. Mhariri mmoja akabadili, akaweka ugali. Nikarudisha bukari. Akarudisha ugali. Kidole changu kilikuwa tayari kwa mara nyingine. Wikipedia ya Kiingereza ina mpaka unaojulikana: ukitengua kazi za wenzako zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, unaweza kuzuiwa. Kila lugha ina jumuiya yake na mazoea yake. Yetu ilianza mwaka 2003 na bado ni ndogo, lakini vita vya kutenguana havipendwi popote. Nikaacha makala, nikafungua Majadiliano.

Pale nilianza na salamu. Nilimwita “ndugu”, kwa sababu jina la mtumiaji halikuambii kama ni kaka au dada, mzee au kijana. Nikamweleza kwamba kwetu hilo ndilo neno, kutoka sokoni hadi mezani. Mwishoni nikaweka alama ~~~~, ambazo ukihifadhi hugeuka kuwa jina lako na tarehe; kwenye simu alama hiyo imejificha kwenye ukurasa wa pili wa alama, itafute. Akanijibu kwa upole kwamba msomaji wa Tanga asingeelewa, na kwamba lugha ya makala ni Kiswahili sanifu. Alikuwa na haki. Mimi pia nilikuwa nayo. Makala sasa inasema: ugali, ambao Lubumbashi huitwa bukari. Sentensi hiyo ni bora kuliko yake na kuliko yangu.

Kwa hiyo, mwenzangu wa Lubumbashi, ukisahihishwa “batu” ikawa “watu” na “bintu” ikawa “vitu”, usione aibu wala usione kwamba umedharauliwa. Kiswahili chetu ni lugha kamili, nacho nikizungumza na baba sitabadili hata silabi. Makala tu ndiyo ina vazi lake. Huko kanuni inayoongoza ni kudhani nia njema: anayekugusa kazi yako, mchukulie kwanza kwamba anajaribu kusaidia.

Usinakili kutoka kwenye tovuti za watu, hata ukitaja chanzo. Soma, funga, andika kwa maneno yako. Ukitafsiri makala ya Wikipedia ya Kifaransa unaruhusiwa, lakini taja kwenye muhtasari kwamba umeitoa huko na weka kiungo. Na nakusihi, usibandike tafsiri ya mashine bila kuipitia. Kiswahili kinachotoka hapo mara nyingi ni maneno tu yaliyopangwa, na atakayekisoma ni mtoto anayefanya kazi ya nyumbani. Picha, pakia zile ulizopiga mwenyewe, kupitia Wikimedia Commons, ghala la picha linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote.

Usijiandike wala usiandike shughuli yako. Mchungaji mmoja wa mtaani alinijia akiomba nimtengenezee ukurasa wa kanisa lake. Nilimwambia: papa (yaani baba), tafuta kwanza magazeti au vitabu vilivyoandika habari za kanisa bila ninyi kuwaomba. Hakuwa navyo. Aliondoka kanuna kidogo, lakini nadhani nilimheshimu zaidi kwa kukataa, maana ukurasa ule ungefutwa na jina lake lingebaki kwenye orodha ya mambo yaliyofutwa.

Na zile aya nne? Moja imerudi. Nilikaa Jumamosi mbili maktabani nikakuta kitabu cha Kifaransa kinachotaja upanuzi wa kiwanda vilevile alivyosimulia baba, nikaweka sentensi tatu, mwandishi, mwaka na ukurasa. Hakuna aliyezigusa. Tatu zilizobaki ziko kwenye daftari. Mwezi uliopita mwanafunzi wa historia kutoka chuo kikuu alikuja nyumbani, akamrekodi baba saa mbili nzima kwa ajili ya tasnifu yake. Ikishakubaliwa na kuwekwa maktabani, nitakwenda kuifungua, nitafute jina la baba, na ninakili namba ya ukurasa.