Namna ya Kuendesha Utafiti wa Maoni kwa Simu Mkoani Mwanza

Utafiti wa maoni kwa simu haupimwi kwa wingi wa waliopokea, bali kwa jinsi wasiopokea walivyofuatwa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kutangaza kwamba katika uchaguzi wa rais Landon angemshinda Roosevelt, lakini Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikosea kwa sababu majina mengi yalichukuliwa kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi waliotumiwa karatasi za maoni hawakuzirudisha.

Kazi huanza na orodha ya watu. Njia ya kwanza ni kuacha kompyuta itunge namba kwa bahati nasibu, ikianza na tarakimu za mwanzo za kila mtandao. Njia hii inafaa kwa nchi nzima, lakini kwa mkoa mmoja inapoteza muda, kwani namba ya mkononi haionyeshi mwenyewe anaishi wapi, na nyingi zitakuwa hazipatikani. Njia ya pili ni ile iliyotumiwa na shirika la Twaweza katika utafiti wake wa simu, Sauti za Wananchi, tangu mwaka 2013: kaya huteuliwa kwa kutembelewa, wahojiwa hupewa simu na chaja ya sola, kisha hupigiwa mara kwa mara. Kwa Mwanza ningechagua hiyo ya pili bila kusita. Teua mitaa na vijiji kwa bahati nasibu katika halmashauri zote, Ukerewe na Buchosa zikiwemo, kisha kaya, kisha mtu mzima mmoja ndani ya kaya, na uandike namba zake zote pamoja na ya jirani anayeweza kumwita.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa makadirio yenye kosa la takribani asilimia 5 juu au chini, na ili kulipunguza kosa hilo kwa nusu unahitaji watu 1,600. Hata hivyo, hesabu hiyo haiponyi sampuli iliyoegemea upande mmoja.

Dodoso liwe fupi, la dakika kumi na tano hadi ishirini, na kila swali liulize jambo moja. Swali la "Je, unaridhika na huduma za maji na umeme?" halifai, kwa kuwa anayepata umeme lakini akakosa maji hana la kujibu. Usisome orodha ndefu ya majibu, maana anayesikiliza kwa simu huelekea kuchagua ya mwisho. Kwa wazee wa Kwimba au Ukerewe wasiozoea Kiswahili, tafsiri ya Kisukuma na Kikerewe iandikwe mapema, badala ya kumwachia kila mdadisi atafsiri kwa namna yake.

Sasa kupiga simu, na hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kulala mchana, kwa hiyo mdadisi anayepiga saa nne asubuhi tu atawakosa wavuvi na kuwapata wenye nafasi ya kukaa. Mpigie mtu kwa saa na siku tofauti, mara tano au zaidi, ukiandika matokeo ya kila jaribio: haikupokelewa, haipatikani, amekataa, ameomba apigiwe baadaye. Siku za mbalamwezi, wakati wengi wa wavuvi hao wanapumzika, zitumie kuwatafuta.

Mwanzo wa mazungumzo uondoe hofu, kwani ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umewafanya watu kushuku kila namba ngeni. Mdadisi aseme hivi: "Shikamoo mama. Ninapiga kutoka Mwanza mjini kuhusu ule utafiti wa huduma za maji. Siuzi kitu wala sitakuuliza namba ya siri, na unaweza kukataa swali lolote. Je, nafasi unayo sasa, au nikupigie jioni?" Akipokea mume na kusema yeye atajibu kwa niaba, mdadisi ashukuru kwa heshima na kuomba kuongea na mama aliyeteuliwa; akikubali mbadala huo, sauti za wanawake zitapungua bila mtu kujua. Msimamizi naye asikilize baadhi ya mahojiano na kurudia kuwapigia wahojiwa wachache.

Kibali kishughulikiwe kabla ya yote hayo, na namba za wahojiwa zitunzwe kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwishoni, linganisha wahojiwa na Sensa ya 2022 kwa umri, jinsi na makazi, na majibu ya makundi yenye wahojiwa wachache kuliko inavyostahili yapewe uzito zaidi katika hesabu. Unapotangaza matokeo, chapisha maneno kamili ya kila swali, tarehe za kupiga simu, na idadi ya waliokataa au kutopatikana, ukionyesha wanatoka halmashauri zipi.