Ukirithi bunduki kongwe ya marisau

Ya babu ni ya mitutu miwili, nami naitunza hapa Tabora kwa leseni. Ukirithi kama hiyo, anzia polisi, kisha hakikisha haina risasi. Msasa usiiguse kabisa! Binamu yangu aliusugua mtutu wa chuma cha Damascus, ile michirizi kama mawimbi ikafifia. Bado inaniuma. Kitambaa laini na mafuta kidogo vinatosha.

Tenganisha mitutu, igeuze, mulika tochi karibu na chemba, pale risasi inapokaa: alama za ukaguzi, mihuri ya kuonyesha mtutu ulijaribiwa, ziko hapo. Nyumba ya ukaguzi ya Birmingham, Uingereza, inayopiga mihuri hiyo, ilianzishwa 1813. Weka karatasi nyembamba juu ya alama hizo, pitisha penseli taratibu. Nakili namba yote ya bunduki. Ikiwa ni ya Purdey, watengenezaji bunduki wa London, waandikie. Wana madaftari ya zamani. Risiti usitupe: yetu ilikuwa chini ya kanga za bibi.